Birika la Speke na Foleni ya Busisi

Kwa miaka mingi msafiri wa kutoka Mwanza kwenda Sengerema au Geita alikuwa na lalamiko moja lisilochakaa: kila akifika Kigongo, kivuko ndiyo kwanza kimeondoka. Akirudi, mambo ni yale yale upande wa Busisi. MV Misungwi, MV Mwanza na MV Sengerema vyote vilisingiziwa. Wapo waliosema wana mkosi, na wapo walioapa kwamba wafanyakazi wa kivuko waliwaona wakija wakakata kamba makusudi.

Hesabu ina maelezo ya tatu, ambayo hayahitaji mkosi wala fitina. Tuchukue mfano wa kubuni. Kivuko kinaondoka baada ya dakika 20, kinachofuata baada ya dakika 60, kisha 20 tena, kisha 60 tena. Wastani wa pengo ni dakika 40, kwa hiyo mtu mwenye akili zake atakisia kwamba atasubiri nusu ya hizo, dakika 20. Amekosea. Katika kila dakika 80, dakika 60 zimo ndani ya pengo refu, na kwa hiyo watu watatu kati ya wanne hufika wakati wa pengo hilo, wakasubiri wastani wa dakika 30. Mmoja tu ndiye huangukia pengo fupi akasubiri dakika 10. Wastani wa wote wanne ni dakika 25. Ratiba ikizidi kuyumba ndipo wastani huo unapozidi kupanda, ingawa idadi ya safari kwa siku haijapungua hata moja. Abiria hakuwa na bahati mbaya. Alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufika kwenye pengo kubwa kwa sababu tu pengo kubwa ni kubwa. Daladala za Mwanza mjini hufuata kanuni hiyo hiyo, na anayebisha afanye hesabu kituoni.

Kuna na la pili, linalofanana nalo. Abiria akiulizwa, atasema kivuko kilijaa siku zote. Mwenye kivuko akitazama daftari lake, anaona safari nyingi zilizokwenda nusu tupu. Hakuna anayedanganya. Safari iliyojaa ina mashahidi mamia, safari iliyokwenda tupu ina mashahidi wachache, na ushahidi wa mtaani huhesabiwa kwa vichwa.

Foleni hiyo imekwisha. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 hivi za zege juu ya Ghuba ya Mwanza, na safari iliyokula saa ikawa ya dakika chache. Lakini ghuba yenyewe, mkono wa maji wenye urefu wa kilomita 60 hivi unaoingia bara kutoka Ziwa Viktoria, ina historia ya makosa ya fikra iliyo ndefu kuliko ya kivuko chochote. Kwa zaidi ya karne na nusu imepokea watu werevu wenye vifaa vizuri. Baadhi yao walipata jibu sahihi kwa hoja mbovu, na wengine wakapotea wakiwa na hoja nzuri mkononi.

Wa kwanza kuandikwa vitabuni ni John Hanning Speke. Tarehe 9 Julai 1858 aliondoka Kazeh, yaani Tabora ya leo, akimwacha mkubwa wake wa msafara, Richard Burton, akiugua na kuandika maelezo yake. Tarehe 30 Julai aliona maji kwa mara ya kwanza, nayo yalikuwa mkia wa ghuba hii hii. Akayapa jina la Jordans, nyumba ya kwao huko Somerset, kana kwamba wenyeji waliokuwa wakiyavuka kwa mitumbwi hawakuwa wamewahi kufikiria kuyaita chochote. Akashuka na ufuko, na tarehe 3 Agosti, juu ya kilima karibu na Mwanza, akaliona ziwa lililofunguka. Papo hapo akaamua kwamba amepata chanzo cha Mto Nile.

Papo hapo! Hajaona mto wowote ukitoka. Hajaona ufuko wa kaskazini, wala wa magharibi, wala wa mashariki. Ameona kona.

Vifaa vyake pia vinastahili kukaguliwa, tukianza na vile alivyozaliwa navyo. Macho yalikuwa yamemsumbua vibaya sehemu kubwa ya safari. Sikio moja lilikuwa na mkasa wake. Mwezi Machi mwaka huo, akiwa kisiwani Ziwa Tanganyika, aliwasha mshumaa ndani ya hema, mende weusi wadogo wakamiminika, na alipolala mmoja akaingia sikioni akaanza kuchimba. Speke alijaribu siagi iliyoyeyushwa, haikusaidia. Akachukua kisu kidogo, akamuua mdudu, akajijeruhi. Sikio likavimba, likawa kiziwi, na mwenyewe aliandika kwamba tundu lilitokea ndani hadi akipenga kamasi sikio lilipiga mluzi na watu wakacheka. Vipande vya mende, mguu hapa na bawa pale, viliendelea kutoka na nta kwa miezi sita au saba. Ukihesabu miezi kuanzia Machi, utaona kwamba mtu aliyesimama juu ya ghuba mwezi Agosti akitangaza chanzo cha Nile alikuwa bado na mabaki ya mdudu kichwani.

Kisha lugha. Speke hakujua Kisukuma, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji. Alitegemea Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, akafikishwa India, akarudi huru akiwa na Kihindustani. Swali lilitoka kwa Speke kwa Kihindustani, Bombay akaligeuza Kiswahili, mwenyeji akalipeleka Kisukuma, na jibu likarudi kwa ngazi zile zile. Speke aliuliza ziwa linaishia wapi kaskazini. Mzee mmoja aliyesifiwa kwa kutembea sana alielekea kaskazini, akatikisa kichwa, akanyoosha mkono wa kulia akipiga vidole mara kwa mara kuonyesha kitu kisichopimika, kisha akasema hakuna ajuaye, lakini yeye anadhani linafika mwisho wa dunia. Kati ya majibu yote ya siku ile, hilo ndilo lililokuwa la kisayansi zaidi: alianza kwa kukiri kwamba hajui, ndipo akakisia. Speke alikisikia kisio, kukiri kukampita.

Kifaa kilichobaki kilikuwa themometa, na hapa ndipo kisa kinaponoga. Msafara haukuwa na kipimo kizuri cha kimo, hivyo ilitumika mbinu ya zamani: chemsha maji, soma joto yanapotokota. Hewa hupungua uzito kadiri mtu anavyopanda, na maji huchemka mapema. Ufukoni Dar es Salaam yanachemka nyuzi 100 za Selsiasi. Kando ya ghuba huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, jambo ambalo mpishi wa maharage anaweza kulithibitisha kwa kuni zake. Kila nyuzi moja ni kama mita 300. Kwa hiyo ukikosea robo tu ya nyuzi, mlima mdogo umezaliwa au umekufa.

Speke alipata karibu futi 3,750, yaani mita 1,140 na ushei. Leo kimo cha ziwa kinajulikana kuwa mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Kupatia namna hiyo kwa maji yanayotokota ni jambo la kushangaza, na vitabu vingi vimemsifu.

Sifa hizo zisubiri kidogo. Msafara huo huo, kwa mbinu hiyo hiyo, ulikuwa umepima Ziwa Tanganyika miezi michache kabla na kupata futi 1,850. Kimo halisi ni zaidi ya futi 2,500. Kosa la mita 200 na zaidi! Kifaa kinachopatia leo kwa mita chache na kesho kinakosa kwa mita mia mbili hakina ustadi, kina bahati. Lakini kipimo cha Mwanza ndicho kinachokumbukwa, kwa kuwa ndicho kilichotoka sawa. Aliyekosa kivuko hukumbuka siku alizokosa, na msomaji wa historia hukumbuka vipimo vilivyopatia.

Speke alirudi Kazeh tarehe 25 Agosti, na wakati wa chai ya asubuhi akamweleza Burton. Burton hakukubali, na kwa upande wa hoja alikuwa na haki yote: kona si ziwa, ziwa si mto, na mzee anayepiga vidole si ramani. Angeishia hapo angekumbukwa kama bingwa wa tahadhari. Lakini alivuka mpaka ambao watu wengi huuvuka bila kujua. Kutoka "hujathibitisha" akateleza hadi "si kweli", kisha akatafuta jibu lake mwenyewe. Mwaka 1864 alikuwa akitetea kwamba Nile inatoka Tanganyika kupitia mto Rusizi, ingawa yeye na Speke walikuwa wameambiwa huko Uvira, mwaka 1858, kwamba Rusizi inaingia ziwani na wala haitoki. Wasafiri Livingstone na Stanley walikwenda kuiona kwa macho mwaka 1871. Inaingia.

Mjadala wa hadhara kati ya Burton na Speke ulipangwa mjini Bath tarehe 16 Septemba 1864. Siku moja kabla, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Kufikia hapo alikuwa ameshaona maji yakitoka ziwani kwenye maporomoko ya Ripon, mwezi Julai 1862, lakini katikati ya Mwanza na Ripon alikuwa na nafasi kubwa tupu kwenye ramani, na wapinzani wake waliijaza kwa maziwa matatu, manne, kila mtu na lake. Aliyeifunga hoja ni Stanley. Tarehe 8 Machi 1875 aliondoka Kageyi, mashariki ya Mwanza, kwa boti yake Lady Alice iliyobebwa vipande vipande na wapagazi kutoka pwani, akalizunguka ziwa kwa siku 57. Lilikuwa ziwa moja, na maji yalitoka sehemu moja. Speke alikuwa sahihi tangu asubuhi ya kwanza, kwa sababu ambazo zisingemvusha mtihani wowote wa mantiki.

Baada ya chanzo, mzozo ukahamia kwenye kimo cha maji. Ziwa hupanda na kushuka, na wakazi wa Busisi, Kigongo na Nyegezi wameishi na mwendo huo tangu zamani: mwaka mmoja shamba la ufukoni linamezwa, mwaka mwingine gati inabaki nchi kavu. Swali la kwa nini limejibiwa kwa namna nyingi. Katika tawala za Wasukuma mtemi alihusishwa na mvua. Zikinyesha vizuri alipata sifa, ukame ukizidi aliweza kung'olewa kitini. Watawala wa kikoloni waliliona hilo kuwa ushirikina, na wataalamu wao huko London walikuwa na jibu lao la kitaalamu, lenye grafu.

Mwaka 1923 C. E. P. Brooks wa ofisi ya hali ya hewa ya Uingereza alichapisha uchunguzi wake juu ya vimo vya maziwa ya Viktoria na Albert. Rekodi za Viktoria zilianza mwaka 1896, kwa mbao zenye alama zilizosimikwa majini upande wa Uganda. Brooks alizilinganisha na idadi ya madoa ya jua, yale mabaka meusi yanayoongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka 11 hivi. Mistari miwili ikapandana vizuri mno. Uhusiano ulifika 0.87, ambapo 1 ni mfanano kamili na 0 ni kutokuhusiana kabisa. Jua likiwa na madoa mengi, ziwa linajaa. Madoa yakipungua, nalo linashuka. Mtu angeweza kutabiri kimo cha maji Mwanza kwa kutazama juu.

Basi wakatazama juu. Na ziwa, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, likaacha kufuata. Madoa yaliongezeka na kupungua kwa ratiba yake, maji nayo yakashika yake, na uhusiano ule mtukufu ukayeyuka.

Kosa lilikuwa wapi? Namba 0.87 haikuwa ya uongo. Shida ni kwamba miaka ile yote 27 ilikuwa na vilele viwili tu vya maana, karibu na 1906 na 1917. Vipimo vilikuwa mamia, lakini matukio yalikuwa mawili. Mtemi ambaye mvua ilinyesha misimu miwili mfululizo baada ya matambiko yake alikuwa na ushahidi wa uzito huo huo, ila tu hakuwa na grafu. Haki ya Brooks nayo isemwe: jambo hili halikufa moja kwa moja. Mwaka 2007 Curt Stager na wenzake walirudi na rekodi za karne nzima ya 20 na kudai kwamba vilele vya madoa vilikuja pamoja na vilele vya ziwa. Wengine wamelipokea dai hilo kwa shingo upande. Kisa cha nadharia iliyoaga dunia mara moja na kufufuka baada ya miaka 80 hakifundishwi mara nyingi shuleni, pengine kwa kuwa kinaharibu hadithi nzuri ya kosa.

Mwishoni mwa 1961 mvua zilinyesha Afrika Mashariki kama hazina mwisho, na kufikia 1964 ziwa lilikuwa limepanda takriban mita 2 na nusu. Kwa ziwa la kilomita za mraba 68,800, hayo ni maji ambayo akili inakataa kuyapima. Mshukiwa alikuwa tayari yupo: bwawa la Owen Falls huko Jinja, lililozinduliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 1954 mahali maji yanapotoka ziwani. Watu wameziba mlango, nyumba imejaa maji. Nani ahitaji ushahidi zaidi? Hata hivyo bwawa lilikuwa likiendeshwa kwa makubaliano ya kuachia maji kiasi kile kile ambacho mto ungeachia wenyewe kabla ya kujengwa. Na kuna jambo la msingi zaidi, ambalo anayetazama ghuba kutoka Busisi si rahisi alifikirie: mito haina kauli kubwa kwenye ziwa hili. Asilimia 80 hivi ya maji yake huanguka moja kwa moja kutoka mawinguni, na kiasi kinachokaribia hicho huondoka kama mvuke. Ziwa Viktoria ni sahani pana ya mvua. Nile yenyewe inaishi kwa masalio.

Sababu ya mvua zile ilipata jina mwaka 1999, wanasayansi walipoeleza hali ambapo maji ya Bahari ya Hindi upande wa Afrika hupata joto kupita kawaida huku upande wa Indonesia yakipoa. Wataalamu wa hali ya hewa huiita dipole ya Bahari ya Hindi. Ilitokea kwa nguvu mwaka 1961, ikatokea 1997 wakati wa mvua ambazo wengi bado huzikumbuka kwa jina la El Nino, na ikatokea tena 2019. Maji ya Busisi yalikuwa yakiendeshwa kutoka baharini, mbali na Jinja na mbali zaidi na jua.

Bwawa basi likasafishwa jina. Likakaa na usafi huo hadi mtambo wa pili, Kiira, ulipoanza kazi pembeni yake karibu na mwaka 2000. Ukame ukaja, umeme ukahitajika, maji yakaachiwa kupita makubaliano, na kufikia mwishoni mwa 2006 ziwa lilikuwa limeshuka hadi kimo ambacho hakikuonekana tangu 1923. Wachunguzi waliopiga hesabu walikuta kwamba takriban nusu ya upungufu ilitokana na ukame, na nusu nyingine na mitambo. Ni sawa na mtu aliyesingiziwa wizi wa kwanza akaachiwa huru kwa haki, kisha akashikwa kweli na mbuzi wa pili. Waliokumbuka kwamba bwawa lilionewa miaka ya 1960 walikuwa wepesi kulitetea, na waliolishuku tangu mwanzo walijiona mitume.

Mwezi Mei 2020, huku ujenzi wa daraja ukiwa umeanza, habari zilitoka Uganda kwamba ziwa limefika mita 13.42 na kuipita rekodi ya mita 13.41 ya Mei 1964. Ni rahisi kwa msomaji kudhani kwamba hicho ni kina, akajiuliza ziwa lenye meli kubwa limekuwaje la mita 13. Namba hiyo haipimi kina. Ni alama kwenye ubao wa Jinja, ambao sifuri yake iliwekwa na watu kwa mapatano, mita 1,122.86 juu ya usawa wa bahari. Kina kikubwa cha ziwa ni mita 80 hivi. Na tofauti iliyovunja rekodi ilikuwa sentimita moja, ambayo upepo wa alasiri unaweza kuileta na kuiondoa.

Kipimo kilichoifaa ghuba kuliko vyote huenda ni kile cha bei ndogo kuliko vyote: sahani nyeupe yenye kamba. Ishushe majini, tazama inapopotelea, soma urefu wa kamba. Huo ndio uangavu wa maji. Ilijaribiwa mwaka 1865 katika Bahari ya Mediterania na padri Mwitalia, Angelo Secchi. Cha kufurahisha ni kwamba kazi kubwa ya Secchi haikuwa maji. Alikuwa mwanaastronomia wa Roma, mmoja wa wachunguzi wakubwa wa jua katika karne ya 19. Madoa ya jua yaliyomponza Brooks yalikuwa kazi ya Secchi, na sahani ilikuwa mchezo wake wa pembeni.

Tangu mwaka 1977 kikosi cha wanabiolojia kutoka Leiden, Uholanzi, kilikuwa kikichunguza furu katika Ghuba ya Mwanza, kwa nyavu za kukokota kwenye mstari unaokatiza maji kutoka Kissenda, upande wa Sengerema, hadi Butimba. Furu, samaki mdogo mwenye miba ambaye mvuvi humtupia paka, ni mmoja wa maajabu ya dunia. Ziwa lina spishi zaidi ya 500, na mashapo ya chini yanaonyesha kwamba miaka 15,000 hivi iliyopita lilikuwa limekauka. Spishi mia tano katika muda mfupi hivyo ni sawa na kuona msitu ukiota kati ya swala mbili. Mmoja wao, mwenye mgongo mwekundu na mistari myeusi, Waholanzi walimpa jina la Nyerere: Pundamilia nyererei. Ndugu yake wa karibu, Pundamilia pundamilia, ni wa bluu.

Ole Seehausen na wenzake walishusha sahani zao kuzunguka visiwa, kutoka maji ya tope ndani ya ghuba hadi maji angavu nje yake. Palipo na uangavu, wekundu na wa bluu waliishi bega kwa bega bila kuchanganyika. Palipo na tope, kama Kissenda, rangi zilififia na mipaka ikapotea. Katika matangi ya maabara, chini ya taa iliyofuta tofauti ya rangi, majike waliacha kuchagua. Matokeo yalichapishwa mwaka 1997: majike huchagua dume kwa kumwona, na asipoonekana, spishi mbili hurudi kuwa moja. Mashamba, mmomonyoko na maji machafu ya mji yalikuwa yakifuta aina za samaki bila kuua hata mmoja.

Muuaji alikuwa mwingine. Sangara alipandikizwa upande wa Uganda katikati ya miaka ya 1950, kwa hoja kwamba furu ni samaki asiye na faida na ni heri aliwe na samaki mwenye faida. Mwaka 1960 mwanasayansi Geoffrey Fryer aliandika kupinga pendekezo hilo, wakati sangara ameshaingia majini. Kwa miaka zaidi ya 20 hakikutokea kitu, na wengi walikichukua kimya hicho kuwa uthibitisho wa usalama. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sangara wakalipuka ghubani, na kufikia katikati ya mwongo huo nyavu za Waholanzi zilikuwa zinapanda zikiwa na sangara, na furu wa maji ya kina karibu wametoweka. Walikuja kuhesabu viumbe, wakabaki kuandika tanzia.

Kisha tanzia nayo ikawa na kasoro. Miaka ya 1990 sangara walipopungua kwa kuvuliwa, baadhi ya furu walirudi, nao hawakuwa wale wale. Frans Witte na wenzake walimpima Haplochromis pyrrhocephalus wa ghuba na kukuta eneo la matamvua yake limeongezeka kwa zaidi ya nusu ikilinganishwa na wale waliohifadhiwa kwenye chupa kabla ya sangara, yanayofaa kwa maji yaliyopungukiwa na oksijeni. Hata macho yalikuwa yamebadilika. Yote hayo ndani ya miaka 20 hivi, mbele ya watu waliokuwa wamefundishwa kwamba mageuzi huhitaji maelfu.

Daraja lililo juu ya maji hayo nalo limeanza maisha na dai linaloomba kupimwa. Lilipozinduliwa lilitajwa kuwa refu kuliko yote Afrika Mashariki na Kati, na la sita katika Afrika. Sehemu ya kwanza inategemea ramani ya nani. Katika takwimu za Umoja wa Mataifa Msumbiji imo Afrika Mashariki, na juu ya Zambezi kuna daraja la Dona Ana, la kilomita 3.67, lililojengwa katikati ya miaka ya 1930. Mtetezi wa Busisi atajibu kwamba Dona Ana ni la reli, na yeye anazungumzia madaraja ya magari. Jibu zuri, ila baada ya vita vya Msumbiji, kuanzia mwaka 1995, Dona Ana lilitengenezwa likapitisha magari kwa njia moja kwa zaidi ya miaka kumi, kabla ya kurudishiwa treni zake.